Una baridi yabisi? Pima na mapigo yako

Jamani wenye baridi yabisi (rumatoidi), hasa nyie mnaoamka vidole vimekakamaa na hii baridi ya Dodoma ya mwezi wa 7, ule uvimbe hauishii kwenye viungo, unagusa na moyo, na utafiti wa Denmark wa 2012 ulikuta hatari ya moyo kupiga ovyo iko juu kwa kama asilimia 40 kwa wenye ugonjwa huu kuliko wasio nao. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, hesabu mapigo dakika nzima, yakiruka ruka bila mpangilio nenda kaombe ECG (kipimo cha umeme wa moyo), hata pale hospitali ya Benjamin Mkapa. Na diklofenaki, zile dawa za maumivu, za kununua dukani kila siku, aisee punguzeni, zinaumiza moyo. Ukizimia au kifua kikibana, usisubiri kukuche.