Unakwenda Fairbanks Novemba? Soma utabiri wa hali ya hewa kwanza, soko la mitumba la Karume baadaye

Wanaotoka Dar kwenda Fairbanks, Alaska, hukosea sokoni kwa kununua nguo za theluji. Theluji ya kule si ya kutisha: kwa mwaka mzima huanguka kama sentimita 165, tena kavu na nyepesi. Kinachoumiza ni baridi yenyewe.

Oktoba joto huchezea sifuri. Mchana theluji huyeyuka, usiku maji yaleyale huganda kuwa barafu, na hapo ndipo watu wanapoteleza. Kwa kawaida theluji ya katikati ya Oktoba ndiyo inayobaki chini hadi Aprili. Wastani wa Novemba hushuka hadi karibu nyuzi -16 za Sentigredi, na Desemba baridi huzidi hapo. Kwa hiyo ukifika mapema Oktoba tafuta viatu visivyopitisha maji. Ukifika Novemba, maji si hoja tena, unahitaji unene.

Utabiri wa Marekani hutolewa kwa Farenhaiti. Toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Ukiona 5, hiyo ni -15 yetu. Namba isiyo na alama ya kutoa isikupumbaze. (Zikifika -40, vipimo vyote viwili husoma sawa.) Theluji huandikwa kwa inchi, na inchi moja ni sentimita 2.5.

Angalia pia mawingu. Mawingu huzuia joto la ardhi lisipotee angani, kwa hiyo siku ya theluji mara nyingi huwa na nafuu. Usiku wa kuogopa ni ule unaofuata, anga likishakuwa halina mawingu na upepo umetulia: hewa baridi ni nzito, huteremka na kutuama bondeni, huku vilimani kukiwa na joto zaidi, wakati mwingine kwa nyuzi 10 au zaidi. Vipimo rasmi vya mji huchukuliwa uwanja wa ndege, ambao uko bondeni. Muulize mwenyeji wako kama nyumba iko bondeni au kilimani.

Sasa nenda Karume, asubuhi belo zinapofunguliwa. Nguo ya kugusa mwili iwe ya sufu au poliesta. Soma lebo, na pamba uiache, kwa kuwa hushika jasho na jasho likipoa linakugandisha. Juu yake sweta zito, kisha jaketi la manyoya ya bata. Liminye halafu liachie: zima hufura lenyewe, lililofuliwa vibaya hubaki na mabonge. Pandisha na kushusha zipu mara kadhaa. Kwa mikono, glavu zenye kidole gumba peke yake hushinda zile za vidole vitano.

Buti za mtumba ni kamari. Baadhi ya soli nyepesi ni za poliyurethani, aina ya plastiki ambayo huozeshwa na unyevu, na hewa ya Dar ina unyevu mwingi. Ikunje na kuibonyeza kwa kucha. Ikipasuka au kumeguka, iache hata kama juu inang'aa. Ni bora kununua buti kule kule, saizi moja zaidi ili soksi nene zisibane damu.

Jaketi, kofia na glavu visiingie kwenye sanduku la mizigo. Sanduku likichelewa kwenye kubadilisha ndege, utatoka uwanjani Fairbanks na shati la Dar.