Safisha udongo wa kitalu kwa jua, si kwa gesi inayokula ozoni

Mkulima wa bustani au wa tumbaku hapa Tabora anaijua hasara ya kitalu chenye ugonjwa. Miche inaota vizuri, kisha inaoza shingoni na kulala kwa kinyausi. Au inafika shambani ikiwa tayari na vinundu vya minyoo fundo mizizini. Kwa muda mrefu dawa iliyosifiwa katika nchi nyingi ilikuwa methaili bromaidi, gesi ya kufukiza udongo chini ya turubai. Inaua wadudu, magugu na vimelea kwa mkupuo. Lakini sehemu yake huvuja na kupanda hadi kwenye tabaka la ozoni, kilomita 15 hadi 35 juu yetu, na huko chembe moja ya bromini huharibu ozoni zaidi ya mara 40 kuliko chembe ya klorini.

Ozoni ndiyo inayochuja mionzi mikali ya urujuanimno. Upungufu mkubwa umeonekana juu ya Antaktika, si juu ya Tabora. Hata hivyo, ukanda wetu wa ikweta una tabaka jembamba kwa asili, jua linapita utosini mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na tupo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hatuna ziada ya kupoteza. Mionzi hiyo ikizidi huharibu vinasaba vya seli: majani hudumaa, macho hupata mtoto wa jicho, ngozi hupata saratani. Ziwani huumiza mwani mdogo wa juu ya maji, ambao ndio mwanzo wa chakula cha dagaa.

Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha kutumia gesi hiyo shambani ifikapo 2015. Ufukizaji wa karantini na wa mizigo kabla ya kusafirishwa ndio uliobaki. Ukiletewa mtungi usio na lebo, kataa. Gesi yenyewe haina rangi wala harufu, na inaua mtu. Kuchoma magogo juu ya kitalu nako si jibu, kwani kunamaliza miombo.

Jua la kiangazi linatosha, ukilinasa chini ya nailoni ili joto liue vimelea udongoni. Katikati ya Agosti, lima tuta la upana wa mita 1, vunja mabonge yote na ulisawazishe, maana penye shimo nailoni haigusi udongo na joto hupotea. Samadi iliyooza ichanganye sasa hivi, siyo baadaye. Mwagilia hadi unyevu ufike sentimita 30 chini. Hapa ndipo wengi wanakosea: udongo mkavu haupitishi joto vizuri, na vimelea vilivyolala kwenye ukavu ni vigumu kufa. Tandika nailoni angavu, nyembamba, iguse udongo, kisha fukia kingo zake sentimita 15 pande zote. Usitumie nyeusi, hiyo hupata moto yenyewe na udongo chini yake haupati joto la kutosha. Ikitoboka, ziba kwa utepe wa gundi siku hiyo hiyo, kwa kuwa mvuke ukitoka joto hutoka nao.

Acha wiki 4 hadi 6. Ndago haitakufa yote, na mnyauko bakteria hupungua tu, kwa hiyo kitalu kilichonyausha nyanya mwaka jana kihamishe. Ondoa nailoni kabla haijaanza kukatika, kwani jua huifanya ikauke na kumegeka, na vipande vikibaki udongoni haviozi.

Ukishaondoa, chimbua sentimita 5 tu. Ukizamisha jembe utapandisha udongo wa chini ambao joto halikuufikia. Osha jembe na viatu kabla ya kuingia.

Sia mbegu za nyanya mwanzoni mwa Oktoba, mistari ikiachana sentimita 15. Huo ndio wakati jua liko utosini, basi jenga chanja ya nyasi yenye kivuli chepesi, kwa kimo cha mita 1. Siku 10 kabla ya kuhamisha, punguza nyasi kidogo kidogo na umwagilie mara chache. Mche uliotolewa ghafla kivulini hubabuka: majani huwa meupe kama karatasi ndani ya siku mbili.

Mtunza kitalu naye avae kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu, na kumwagilia kufanyike kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, mionzi ni mikali. Ndugu zetu wenye ualbino wasipangiwe kazi za juani saa za mionzi mikali hata siku yenye mawingu.