Kupitisha draiva yako HLK bila kupoteza wiki nzima

Kama umeandika draiva ya Windows (programu inayoifanya Windows iongee na kifaa) na bosi kakwambia "haya sasa ipate sahihi ya Microsoft", karibu kwenye HLK. Kirefu chake ni Hardware Lab Kit, yaani lile furushi la testi ambazo Microsoft wanataka kifaa au draiva ipite ndo wakupe cheti. Enzi za Windows 8 iliitwa HCK, na wakongwe bado wanasema tu WHQL (Windows Hardware Quality Labs), usichanganyikiwe, jamaa ni yuleyule kabadilisha shati.

Kwanza jiulize kama unaihitaji kweli. Tangu Windows 10 toleo la 1607, la mwaka 2016, draiva mpya ya kernel (inayokaa kwenye kiini cha Windows) lazima isainiwe kupitia Partner Center, portal ya Microsoft ya kupokea draiva, la sivyo kwenye mashine iliyowekewa Windows upya na Secure Boot (ulinzi unaokataa programu zisizo na sahihi mashine inapowaka) imewashwa haitapanda kabisa. Ila sahihi ziko mbili. Kuna ya attestation, hii hamna testi, unapakia draiva iliyofungwa kwenye faili la cab na kusainiwa kwa cheti cha EV (cheti cha kusainia kodi kinachothibitisha kampuni yako), unangoja kidogo, inarudi na sahihi. Ni rahisi ila haitembei kwenye Windows Server 2016 kwenda mbele, na huwezi kuisambazia watu wote kupitia Windows Update. Ukitaka hivyo viwili, hamna ujanja, ni HLK. Na kwa njia yoyote ile cheti cha EV utakihitaji ili ujisajili Partner Center, kwa hyo anza kukiomba leo leo kwa sababu uhakiki wake unachukua muda na ukingoja mpaka testi ziishe utakaa tu unaangalia dari.

Sasa kabla sijaingia kwenye hatua, mi nasema hivi: testi nyingi zinazofeli mara ya kwanza kosa si la draiva, ni mashine haikuandaliwa. Watu tunakurupuka, tunainstoli, tunabonyeza run, asubuhi unakuta nyekundu tupu na unaanza kufukua kodi ambayo haina shida yoyote. Ndo maana sehemu ya maandalizi hapa nimeiandika ndefu kuliko sehemu ya testi zenyewe.

Unahitaji mashine mbili kwa uchache. Moja ni kontrola, hii inakaa kwenye Windows Server na ndo inatunza testi na matokeo, juu yake unaweka HLK Studio ambayo ndo dirisha utakalofanyia kazi. Ya pili ni klaienti, yaani mashine yenye kifaa chako na draiva yako. Kontrola inaweza kuwa mashine pepe, haina neno, ila klaienti ya kifaa halisi iwe mashine halisi. Usiweke kontrola kwenye domain controller (seva inayosimamia akaunti za mtandao wa ofisi), na jina la kompyuta lipange KABLA ya kuinstoli, ukilibadilisha baadaye vitu vinaachana na utaishia kuinstoli upya.

Toleo la HLK lazima liendane na toleo la Windows unalotafutia cheti, hapa watu wanabugi sana. Windows 10 kuanzia 2004 mpaka 22H2 zote zinatumia HLK ya 2004, lakini Windows 11 matoleo mengi yana yake, 21H2 yake, 22H2 yake, 24H2 yake. Kwa hyo ukitaka cheti cha Windows 10 na 11 pamoja andaa kontrola mbili tofauti, mashine pepe zinasaidia sana hapa.

Klaienti nayo iwe safi, na safi namaanisha Windows imewekwa upya, si laptopu ya kazini uliyofuta futa mafaili. Draiva za vifaa vyote ziwepo, fungua Device Manager, kama kuna alama ya njano popote, hata kwenye kifaa kisichokuhusu, imalize kwanza. Antivirusi ya nje toa. Apdeti zote za Windows piga mwanzoni kisha zisimamishe, mi hapa nilishalia, niliacha testi zinaenda usiku, saa nane mashine ikajiapdeti ikajizima ikajiwasha, testi ya saa nyingi ikafa katikati na logi inasema tu mashine haipatikani, nikapoteza siku nzima nikidhani draiva inaua mtandao kumbe ni apdeti tu. Angalia pia usingizi: testi nyingi za draiva zinailaza mashine na kuiamsha mara kibao, kwa hyo kabla ya yote ilaze mwenyewe kwa mkono mara tatu nne bila draiva yako. Kama haiamki vizuri hapo, shida ni BIOS au draiva ya video, na HLK itakubebesha wewe hiyo lawama.

Halafu kuinstoli klaienti. Hubebi kitu kwenye flashi, unaenda kwenye folda ya kontrola kupitia mtandao, \\JinaLaKontrola\HLKInstall\Client\Setup.cmd, unaiendesha kama admin. Mashine zote mbili zionane kwenye mtandao, network discovery na kushea mafaili viwe on. Ikishajiwasha utaona akaunti ngeni inaitwa DTMLLUAdminUser, usishtuke wala usiifute, ni ya HLK. Na usitengeneze kopi ya diski ikiwa klaienti tayari imo ndani ukaimwaga kwenye mashine nyingine, kopi piga kabla ya kuinstoli klaienti.

Draiva yako bado haina sahihi ya Microsoft, sasa itapandaje? Njia ya kawaida ni bcdedit /set testsigning on kisha unawasha upya, na hii inataka Secure Boot izimwe kwenye BIOS. Kama unataka kujaribu Secure Boot ikiwa on, watu wengi wanaipitisha attestation kwanza, wanapata sahihi ya muda ya kufanyia testi.

Sawa, ila usiende kwenye Studio bado. Kaa na draiva yako nusu siku uitese mwenyewe, kwa sababu kosa utakaloligundua hapa kwa dakika kumi, HLK itakuonyesha baada ya saa sita. Anza na INF, faili linaloiambia Windows jinsi ya kuinstoli draiva, amri ya infverif /h itakwambia papo hapo kama INF inavunja masharti ya cheti. Kisha Driver Verifier, zana ya Windows ya kuibana draiva mpaka makosa yajitokeze, verifier /standard /driver draivayangu.sys, washa upya, hakiki kwa verifier /querysettings kwamba kweli imeshika, halafu tumia kifaa kama kawaida, disable, enable, chomoa ghafla, laza, amsha. Ukipata skrini ya bluu yenye 0xC4 furahi, maana yake Verifier imekukamata ukifanya uhuni fulani na damp (faili linalobaki mashine ikianguka) itakuonyesha mstari wa kodi wenye kosa. Ukipata 0x9F hiyo ni mambo ya umeme, kuna IRP ya power (ombi la kulala au kuamka ambalo Windows inaitumia draiva) umeishikilia hujaiachia, na kwa uzoefu wangu hii ndo inaua testi za usingizi kuliko nyingine zote. Washa pia memory integrity kwenye Windows Security ujaribu tena, draiva zenye kodi ya zamani zinazoomba memori ya NonPagedPool (inayoruhusu kodi kuendeshwa humo) badala ya NonPagedPoolNx (isiyoruhusu) huwa zinaumbuka kwenye testi ya HVCI, jina la kitaalamu la hiyo memory integrity. Na kama unalenga Windows 11 22H2 au mpya zaidi, kuna testi inaitwa Static Tools Logo Test inayotaka faili la DVL (Driver Verification Log), hilo linatengenezwa kutokana na matokeo ya CodeQL, zana inayokagua kodi bila kuiendesha, sasa kama hujawahi kupitisha kodi yako CodeQL fanya leo, usingoje siku ya mwisho.

Haya, Studio. Kwenye Configuration unatengeneza pool mpya (kundi la mashine za testi), unaiburuta mashine yako kutoka Default Pool kwenda humo, kisha unabadilisha hali yake iwe Ready. Kama haikubali kuwa Ready angalia mtandao na firewall kwanza. Baada ya hapo Project, tengeneza mpya, ingia Selection uchague kifaa chako. Hapa tulia, draiva moja inaweza kuonekana kama vifaa vitatu na ukiacha kimoja utagundua mwishoni kabisa. Kama ni filter driver (draiva inayokaa juu au chini ya draiva nyingine) au programu tupu isiyo na kifaa kuna kichupo chake pembeni.

Ukifika Tests utaona orodha ndefu ya kutisha. Usichague zote. Pakia playlist ya compatibility ya toleo lako, ndo inayoonyesha testi zinazohesabika kwenye cheti, nyingine ni za hiari. Na kabla ya kukimbiza chochote daunlodi filta mpya, unaziinstoli kwenye kontrola kwa UpdateFilters.exe. Filta ni nini? Testi zenyewe zina makosa yake, Microsoft wakishakubali kwamba kosa fulani ni la testi wanatoa filta inayolisamehe. Zinatoka mara kwa mara, kwa hyo ukiona testi inafeli kwa namna isiyo na akili, apdeti filta kisha apply kwenye matokeo yaleyale, wakati mwingine nyekundu inageuka kijani bila hata kurudia testi.

Mpangilio wangu: naanza na zile fupi za dakika chache, nikiona mawasiliano ya kontrola na klaienti yako sawa nakimbiza moja ya usingizi, ikipita ndo naziachia zote za Device Fundamentals (testi za msingi za kila kifaa) usiku. Zenye alama ya mtu ni za mkono, hizo hazifai usiku, zinataka uwepo ubonyeze au uchomoe kitu. Zikishaanza usiguse klaienti, usiingie kwa remote desktop kuchungulia, acha.

Ikifeli, fungua mti wa matokeo uende mpaka task ya chini kabisa yenye nyekundu, logi ya juu haisemi kitu. Tafuta error ya KWANZA, zinazofuata mara nyingi ni watoto wake. Kama mashine iliganda hakikisha umechomeka WinDbg (debaga ya Microsoft) kabla ya kurudia. Na kumbuka ukigusa kodi ukabuild upya, matokeo ya draiva ya jana hayahusu draiva ya leo, unarudia zote, kwa hyo kusanya makosa yote kwanza uyarekebishe kwa mkupuo.

Kufunga ni kwenye Package. Unaongeza folda ya draiva, ileile iliyofanyiwa testi na si build ya asubuhi, unaongeza na simboli (mafaili ya pdb ya kusomea damp), unachagua lugha, kisha unasaini kwa EV na kupata faili la hlkx, yaani furushi la matokeo na draiva. Kama una kontrola mbili, ziunganishe hlkx mbili kuwa moja hapohapo ili upate sabmishoni moja. Pakia Partner Center, subiri. Ikirudi imesainiwa usimpe mteja moja kwa moja, tafuta mashine nyingine safi, Secure Boot on, testsigning off, weka draiva iliyosainiwa humo, na ikipanda bila alama ya njano ndo ufute zile mashine za testi.