Kombania ya askari wa Tanga 1914 katika milimita 28: kuunga, kupaka rangi, na kupambana na unyevu wa Pwani

Mpwa wangu alikuja kwangu na askari wake, sanamu ndogo za kimo cha milimita 28, kwenye boksi la viatu, wote weupe kana kwamba wamemwagiwa unga wa sembe. Rangi alikuwa ameipaka vizuri tu. Kilichowaharibu ni vanishi ya kupuliza, aliyoipuliza uani jioni baada ya mvua kukatika. Tuliwaokoa, karibu wote, na tangu hapo maswali kwenye WhatsApp hayaishi. Nayajibu hapa mara moja, kwa ajili yake na kwa yeyote anayetaka kujenga jeshi dogo la mchezo wa vita mezani akiwa anaishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja. Video nyingi za kazi hii zimetengenezwa na watu ambao rangi yao haikaukii kwenye brashi kabla haijafika kwenye sanamu.

Hatua ya 1: Chagua vita na mwaka, ndipo ununue

Mimi napendekeza Tanga, Novemba 1914. Jenerali Aitken wa Uingereza alileta watu wapatao 8,000 kutoka India. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama 1,000. Kwa mchezaji maana yake ni kwamba upande wa Mjerumani unakamilika kwa sanamu chache, na rafiki yako ndiye atakayehangaika na lile kundi kubwa.

Angalizo: watu hununua KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) wawe wapinzani, na KAR hawakushuka Tanga. Walioshuka ni vikosi vya Kihindi kama 13th Rajputs, 63rd Palamcottah, 101st Grenadiers na Kashmir Rifles, pamoja na batalioni moja ya Waingereza, 2nd Loyal North Lancashire. Ukiwataka KAR, sogeza vita yako mbele hadi Mahiwa, Oktoba 1917.

Kombania moja ya Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, ilikuwa na askari 160 hadi 200, Wajerumani wachache, na rashasha zake. Mezani inatosha askari 36 katika makundi matatu, Wajerumani wanne, na rashasha moja ya Maxim na watu wake. Halafu wapagazi. Kombania ilitembea na wapagazi wengi kuliko askari, kwa hiyo weka japo sita. Meza ya vita hii isiyo na mpagazi hata mmoja mimi siihesabu.

Hatua ya 2: Manunuzi

Foundry na Copplestone Castings wana sanamu za chuma za Afrika ya wakati huo, na Brigade Games wana za Vita Kuu yenyewe. Siku hizi wapo pia wenye printa za resini mjini wanaokuchapia kwa faili. Mimi nabaki na chuma. Singe ya resini ikigusana na kifuniko cha boksi imekatika. Ya chuma inapinda, unainyoosha kwa kucha, maisha yanaendelea.

Rangi natumia Vallejo Model Color, na namba nitakazotaja ni za kwao. Rangi za shule za dukani zina chembe kubwa mno. Zihifadhi kwa ajili ya vitako (vibao vidogo sanamu inavyosimamia) na nyumba. Makopo ya kupuliza usiyaagize nje, maana mizigo ya ndege haipokei makopo yenye gesi. Andakoti (rangi ya kwanza ya kushikia nyingine) ya kijivu kutoka maduka ya rangi za magari inatosha kabisa kwa sanamu za chuma. Kwa za plastiki jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu yake, kwa sababu baadhi huyeyusha plastiki.

Hatua ya 3: Kusafisha na kuunga

Tupa ndogo, wembe, sabuni ya vyombo, supagluu. Hapa huhitaji mwalimu. Ila sanamu za zamani zina madini ya risasi: pigia tupa nje, usile hapo hapo, nawa mikono.

Kabla ya andakoti gundisha mchanga kwenye kitako. Mchanga wa baharini lazima uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa na ukaushwe kwenye kikaango. Usipoutoa chumvi, itavuta unyevu na baada ya miezi kitako kitatoka vumbi jeupe juu ya rangi yako.

Hatua ya 4: Andakoti

Tabaka jembamba, mara mbili, mchana wenye jua. Yote nitakayosema kuhusu hewa kwenye hatua ya 8 yanahusu hapa pia, ila andakoti inasamehe zaidi.

Hatua ya 5: Sare

Kwanza tengeneza kibao chenye unyevu, maana rangi ya akriliki Dar inakauka kabla hujaichovya mara ya pili. Chukua kontena la plastiki lenye kifuniko, tandika tishu za jikoni zilizolowa, juu yake karatasi ya kuokea. Rangi inakaa hai hadi kesho. Maji yabadilishe kila siku mbili tatu, yakizeeka yanaota ukungu na kunuka. Feni ielekee miguuni kwako, isipige mezani.

Kaki: Khaki 70.988 mwili mzima, kisha mchanganyiko wake na Iraqi Sand 70.819 kwenye mikunjo iliyoinuka. Tarbushi ilivalishwa kitambaa cha kaki chenye pindo la kufunika shingo, na mbele tai wa fedha. Nukta moja ya rangi ya chuma inatosha. Vitambaa vya kuzungushia miguu ni buluu iliyofifia: Dark Prussian Blue 70.899 iliyotiwa kijivu. Mikanda na mikoba ya risasi ni ngozi ya kahawia. Wajerumani wakivaa kofia ya kijivu ya ukingo mpana, mshipi na pindo lake ni nyeupe, ndiyo alama ya Afrika Mashariki.

Ukichagua 1916 au 1917 badala ya Tanga, usiwavalishe wote kaki moja. Bandari zilikuwa zimefungwa na meli za Waingereza, nguo zikawa zinafumwa humu humu na kutiwa rangi ya mimea, za hudhurungi-njano. Badilisha mchanganyiko kwa kila kundi, na wengine waache peku.

Hatua ya 6: Ngozi

Hapa nina ubishi na karibu kila mwongozo niliousoma. Wanakwambia: paka kahawia, ongeza nyeupe, angazia. Ukiongeza nyeupe kwenye kahawia iliyokolea unapata kijivu, na askari wako anapauka kama mtu aliyetoka kuoga maji ya kisima bila kujipaka mafuta. Ngozi nyeusi yenye afya inang'aa. Mwanga wake ni wa joto, unaelekea wekundu na dhahabu, wala si chaki.

Ninavyofanya mimi: tabaka la chini German Cam. Black Brown 70.822, uso na mikono yote. Likikauka, Flat Brown 70.984 iliyochanganywa nusu kwa nusu na hiyo ya kwanza, kila mahali isipokuwa kwenye mashimo ya macho, chini ya pua, chini ya mdomo na kati ya vidole. Kisha Flat Brown peke yake kwenye mifupa ya mashavu, mgongo wa pua, kidevu na vifundo vya vidole. Mwisho, kwa ncha ya brashi, Beige Brown 70.875 kwenye sehemu mbili tu: juu ya shavu na ncha ya pua. Viganja kama vinaonekana vipate rangi ya mwisho hiyo yote. Mdomo wa chini tia tone la wekundu kwenye Flat Brown.

Tofauti kati ya tabaka iwe kubwa kuliko unavyodhani. Ukishika sanamu mkononi itaonekana imezidi, lakini ukiiweka mezani na kusimama, uso unasomeka. Ngozi nyeusi ikipakwa kwa hofu, uso wote unageuka doa moja chini ya tarbushi.

Na usiwape wote rangi moja. Afisa wa Kijerumani Wissmann alipoanzisha jeshi lile mwaka 1889 aliwaleta Wasudani walioandikishwa Misri na watu kutoka Msumbiji. Kufikia 1914 wengi walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Kila baada ya askari watatu hivi ongeza tone la Saddle Brown 70.940 kwenye tabaka la pili, au tone la nyeusi. Inachukua sekunde, na kombania inaonekana ya watu badala ya nakala.

Macho siyapaki. Kwa milimita 28 jicho jeupe linamfanya askari aonekane ameona jini. Kivuli kinatosha.

Hatua ya 7: Kivuli cha maji

Agrax Earthshade, rangi nyepesi ya kivuli ya Citadel (si ya Vallejo), kwenye nguo na ngozi za mikanda. Usoni usiguse, kazi ya hatua ya 6 itazama.

Hatua ya 8: Vanishi

Sasa tukae chini.

Vanishi isiyong'aa ina unga mwembamba sana ndani yake, ndio unaotawanya mwanga ili uso usimetemete. Unapopuliza, kiyeyushio kinaruka haraka na kuupoza uso wa sanamu. Hewa ikiwa imejaa maji, yanageuka matone pale pale ndani ya vanishi inayokauka, na unabaki na utando mweupe. Hali hiyo hiyo hutokea bila unyevu pia, kama hukutikisa kopo na ule unga umetoka mwingi kwa mkupuo, au umepuliza nene, au umepuliza kutoka mbali hadi matone yakakaukia hewani. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuharibu sanamu siku moja kwa sababu tofauti, na kila mmoja akamshauri mwenzake vibaya.

Ushauri wangu kwa anayeishi Pwani ni mmoja: vanishi ya mwisho paka kwa brashi. Tikisa chupa hadi mkono uchoke, mimina kidogo kwenye kibao kikavu (si kile chenye unyevu), tumia brashi laini pana, tabaka jembamba, na usirudi mahali ulipopita kama pameanza kukauka, la sivyo utaacha michirizi myeupe. Angalia isituame kwenye mikunjo ya kwapa na chini ya mkoba. Ikituama, inyonye kwa brashi kavu. Mimi naanza na tabaka la vanishi inayong'aa, kwa sababu ndiyo ngumu inayostahimili vidole, nalala, kesho yake ndipo naweka isiyong'aa.

Ukiwa huna budi kupuliza, basi subiri kipupwe, kati ya Juni na Septemba, na upulize saa saba hadi saa tisa mchana. Asubuhi hapana, jioni hapana, masika usahau kabisa. Kipimo cha unyevu cha dijitali si ghali. Chini ya asilimia 60 unaweza, na kwa Dar utaingoja sana hiyo siku. Huna kipimo? Tazama chumvi mezani. Ikiwa imegandamana na haitoki kwenye tundu, kopo lirudi kabatini.

Kuna mtego mwingine unaowanasa wenye kiyoyozi. Sanamu zilizolala kwenye chumba cha AC ni baridi, tena za chuma. Ukizitoa nje zinatoa jasho kama chupa ya soda, jasho jembamba usiloliona kwa macho, na vanishi inatua juu ya maji. Zitoe nje saa nzima kabla. Kopo nalo liwe vuguvugu: liweke kwenye maji ya kuoga mtoto, kamwe si ya moto, na jiko lisiwe karibu. Puliza sanamu moja mbovu kwanza, subiri ikauke, ndipo nyingine. Vaa barakoa.

Na kama zimeshakuwa nyeupe? Usizitumbukize kwenye thina, rangi iko salama chini ya ule utando. Paka vanishi inayong'aa kwa brashi, tabaka moja lenye maji ya kutosha. Inajaza vile vinyweleo vya uso na mara nyingi weupe unapotea mbele ya macho yako. Kaki inarudi kwanza, maeneo meusi ndiyo yanayochelewa. Kwa askari wa mpwa wangu nyuso zilihitaji tabaka la pili, na wawili ilibidi nirudie mashavu. Ikikauka kabisa, weka isiyong'aa, kwa brashi. Wapo wanaopaka mafuta ya zeituni na kuyafuta. Weupe unaondoka kweli, lakini mafuta yanabaki, na vanishi nyingine haishiki juu yake. Njia hiyo iache kwa aliyekata tamaa.

Hatua ya 9: Vitako na moshi

Majani baada ya vanishi, yasije yakashikana. Nyuzi za makumbi ya nazi zilizokatwa milimita tatu nne zinafaa kuliko nyasi za kununua, hasa kwa mashamba ya minazi ya Tanga.

Kombania nyingi za Mjerumani zilikuwa bado na bunduki za zamani za mfumo wa 1871, zenye baruti inayofuka moshi mzito mweupe, na kila risasi ilimwonyesha adui mpigaji yuko wapi. Kwa hiyo vuta pamba kidogo, igundishe kwenye mtutu wa askari watatu wanne, ipige kijivu kidogo chini. Watu wa rashasha usiwawekee, risasi zao hazikutoa moshi ule.

Chini ya kila kitako bandika kipande cha sumaku bapa, ile ya matangazo inayobandikwa kwenye friji, na uwasafirishe ndani ya bati, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ndani ya daladala bati likae mapajani. Ukiliweka kwenye boneti, mtikisiko utakuvunjia singe zote kabla hujafika Mwenge.