Kabla ya kuifunga nyumba ya Wete: mambo ya kuzingatia ukihama na watoto wadogo

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa Wete, kisiwani Pemba, vyumba vitatu na ua mdogo wenye mndimu. Tuliingia ikiwa haina hata dari. Watoto wetu watatu wote wamezaliwa tukiwa mle, na vitovu vyao vimezikwa uani, chini ya mndimu ule. Mume wangu alipohamishiwa kazi Unguja, nilidhani shughuli kubwa itakuwa vyombo. Kumbe vyombo ndivyo vilivyokuwa vyepesi. Nawaandikia wazazi wenzangu mnaojiandaa kuvuka na watoto, mjue mapema yale ambayo mimi niliyajua nimeshachelewa.

La mwanzo kabisa, waambieni watoto nyinyi wenyewe. Sisi tulinyamaza, tukisema wangali wadogo, tusije tukawatia unyonge bure. Mwanangu wa kati, wa miaka mitano, akaisikia habari kwenye baraza ya jirani: "Nyinyi mnahama, eti?" Usiku ule akakojoa kitandani, jambo ambalo alikuwa ameliacha zamani. Mtoto anapolisikia jambo la kwao kwa watu, hudhani limefichwa kwa sababu ni baya. Mkubwa anayesoma skuli apewe muda mrefu, maana ana marafiki wa kuagana nao. Mdogo hajui "mwezi ujao" ni nini. Mhesabieni kwa Ijumaa zilizobaki, atafahamu. Wala msiwaahidi msivyo na hakika navyo, kama baiskeli au chumba cha peke yake. Siku mbili baada ya kumweleza, huyo huyo wa miaka mitano aliniuliza, "Mama, na kitovu changu kitabaki na nani?" Nilinyamaza kitambo, kisha nikamwambia kitabaki na mndimu, na bibi wa nyumba ya pili ataumwagilia maji. Baadaye nikaenda kwa yule bibi kumwomba kweli, kwa kuwa nilikwisha kulitamka mbele ya mtoto.

Kama tarehe mnaichagua wenyewe, hameni Disemba. Skuli zimefungwa, mwaka mpya wa masomo unaanza Januari, na mtoto anaingia darasani siku moja na wenzake badala ya kutumbukia katikati ya muhula. Na pepo nazo zimegeuka: kusi, hasa Juni hadi Agosti, huichafua bahari ya Nungwi, na watoto hutapika mpaka hawana cha kutapika. Masika nayo, Machi hadi Mei, haifai kwa magodoro. Godoro likishalowa juu ya gari kutoka Wete hadi bandari ya Mkoani, mtalilalia na harufu yake.

Karatasi zinataka wiki kadhaa, kwa hiyo zianzeni kabla hamjagusa kabati. Barua ya uhamisho ya skuli iwe na sahihi na muhuri. Mkubwa wangu alikaa nyumbani wiki mbili Unguja kwa sababu yetu haikuwa na muhuri, na kuufuata ikabidi mtu arudi Pemba. Vyeti vya kuzaliwa. Barua ya sheha (kiongozi wa mtaa) wa mnakotoka kwenda kwa sheha wa mnakokwenda. Kadi ya kliniki ya kila mtoto aliye chini ya miaka mitano: angalieni chanjo inayofuata inaangukia lini, maana ya surua hutolewa akiwa na miezi tisa na hurudiwa akiwa na miezi kumi na minane, na pilikapilika za kuhama ndizo zinazoisahaulisha hiyo ya pili. Na mwalimu wa chuoni, wa Kurani, asisahauliwe. Mwambieni aandike mtoto amefika sura gani, ili huko aendako asirudishwe nyuma akavunjika moyo. Zote hizi zitieni kwenye mfuko mmoja wa plastiki mzito, na mfuko huo usipakiwe. Mtu aushike mkononi.

Kwenye vyombo nina kosa moja linaloniuma hadi leo. Mwanangu alikuwa na gari ya kopo, magurudumu ya kandambili, moja limetoka. Nikaona takataka, nikaitupa. Tulipofika alifungua maboksi yote, moja baada ya moja, hakusema kitu, kisha akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi akalia. Kila mtoto mpeni mfuko wake mmoja atie anachotaka, hata kikiwa kifuu kitupu, na msimkagulie.

Kisha fungeni mzigo wa usiku wa kwanza, mbali na mingine yote, uwe wa mwisho kupakiwa na wa kwanza kushushwa: vyandarua na kamba zake, taa ya chaji, sufuria moja, mchele, sukari, chai, ndoo na kata, nguo za kulalia, na dawa kama yuko anayetumia. Shuka za watoto msizifue kabla ya safari. Najua inaonekana uchafu, lakini mtoto aliyelala pahala pageni anatafuta harufu ya kwao kabla hajatafuta kitu kingine. Mtungi wa gesi ulizeni mapema bandarini kama unapokewa na kwa masharti gani, msije mkaachwa nao gatini.

Wakati nafunga kabati la jikoni nilikuta sahani nne si zangu. Kila mmoja wetu anazo, za futari, za maulidi, za mtoto aliyeletewa uji. Msiziache, na kama kawaida yetu, msizirudishe tupu. Nilikaanga visheti, nikamtwika mkubwa wangu sahani moja moja azipeleke, nami nyuma yake, na kila mlango tukakaa kidogo tukatakana radhi. Hapo ndipo watoto walipoagana kweli. Msiwafiche kwa jamaa siku hiyo ati wasione watu wazima wakilia, waacheni waone. Deni la dukani lilipeni mbele yao pia.

Nyumba yenyewe iamulieni kabla ya kuondoka. Nyumba iliyofungwa haingoji mtu: mchwa, popo, bati linalovuja bila mwenye kuona. Bora akae ndugu, au ipangishwe kwa maandishi, na sheha awe na habari. Malizeni bili ya maji ZAWA, andikeni namba ya mita ya umeme ya TUKUZA mahali mtakapoiona, na mwelezeni anayebaki kipi mnaruhusu kikatwe na kipi hapana. Sisi tuliandika kabisa kwamba mndimu usiguswe.

Siku ya kuvuka, hakikisheni kila mtoto ameandikwa kwenye orodha ya abiria kwa jina lake, hata wa kubebwa. Sisi watu wa Pemba hatuhitaji kuelezwa sababu: MV Spice Islander, iliyozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikija kwetu, ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Mkiona chombo kimejaa kupita kiasi, shukeni, msubiri cha siku ya pili; vyombo vya ndani vinaweza kutangulia. Mkishakaa, tazameni majaketi ya kuokolea yako wapi na kama yapo ya kimo cha watoto. Wapeni chakula chepesi, mkate mkavu na chai ya tangawizi, kaeni usawa wa katikati ya chombo ambako hakurushi sana, na chukueni ndimu na mifuko ya kutapikia.

Mkifika, jambo la kwanza ni vitanda vya watoto na vyandarua, kabla ya jiko, kabla ya wageni wa kukukaribisheni. Fukizeni udi, someni dua, pikeni kile wanachokila kila siku. Wiki hiyo hiyo nendeni kwa sheha, bisheni hodi kwa majirani wa pande zote, na watoto waanze chuoni hata kama skuli bado, kwa sababu ndiko watakakopata marafiki wa mtaa.

Jiandaeni na hili pia: wenzao wapya watawacheka watoto kwa lafudhi yao ya Pemba. Mkubwa wangu alirudi siku ya tatu akaniambia hataki tena kusema "n'taka". Nilimwambia babu yake alisema hivyo hivyo, na bibi yake, na mimi. Sikumwambia awajibu wenzake, wala sikumfundisha kusema kama wao. Nyumbani tuliendelea kuzungumza kama tulivyokuwa tukizungumza Wete. Wiki chache wakazoeana. Kukojoa kitandani, kung'ang'ania kanga ya mama, kuamka usiku akiuliza mlango uko wapi, hayo yote yametupitia, na msimpige wala kumwaibisha mbele ya wenzake. Yakizidi miezi miwili mitatu, au mtoto akiacha kula, mpelekeni kituo cha afya.

Na mwachieni mtu huko nyuma kazi ndogo ya kuwaunganisha. Yule bibi wa nyumba ya pili tulimwachia nauli ya mizigo, tukamwomba mara moja moja atutumie chochote kwa boti. Mwezi wa pili tulipigiwa simu twende bandarini Malindi, hapa Unguja, kuna pakacha letu. Lilikuwa la ndimu, mbichi, majani mengine bado yameshikana na vikonyo. Wa miaka mitano alilifungua mwenyewe sakafuni, akachukua moja akainusa, akaiweka chini ya mto wake, nyingine akawagaia watoto wa jirani mpya.