Aliyegongwa kichwa asirudi uwanjani siku hiyo
Walimu wenzangu wa michezo hapa Moshi, tunapowaandaa wanafunzi kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, tukumbuke kwamba mtikisiko wa ubongo, yaani jeraha la ubongo linalotokana na kugongwa kichwa, mara nyingi hutokea bila mtoto kupoteza fahamu, kwa hiyo kuinuka na kusema "niko sawa, mwalimu" si kipimo. Muulize tuko uwanja gani, ni kipindi cha kwanza au cha pili, na nani amefunga bao la mwisho. Akisitasita, au akikutazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, mtoe, na hata akijibu vyema, ukiwa na shaka mtoe vilevile. Mzazi aarifiwe. Akitapika tena na tena, akipatwa na degedege, akizidi kusinzia au kuumwa kichwa, apelekwe hospitali mara moja, hata kama mechi haijaisha.