Maabara pepe ya umeme: mwanafunzi akisie kabla ya kubofya

Wanafunzi wanaweza kubofya kipindi kizima, wakatoka na furaha bila kujifunza chochote. Kinachofundisha ni mwanafunzi kuandika anachotarajia, kisha kompyuta imwonyeshe.

Tumia programu za bure za PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002. Pakua faili la kuunga saketi za umeme ukiwa Mwanza mjini, uliweke kwenye flashi. Linafunguka kwenye kivinjari bila intaneti, hata shuleni Ukerewe. Lijaribu kwenye kila kompyuta siku moja kabla, maana kivinjari cha zamani huenda kisilifungue. Laptopu zichajiwe zijae. Umeme haukawii kukatika.

Wakalishe wanafunzi wawili wawili: mmoja ashike mausi, mwenzake aandike, wapokezane kila baada ya dakika 10. Wakiwa wanne, wawili hubaki watazamaji.

Dakika 5 za mwanzo waache wachezee. Wataunga waya kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine na moto utawaka kwenye skrini. Usiwakataze. Waulize kwa nini, na waambie wasithubutu kufanya hivyo na betri ya gari.

Sasa waunge betri ya volti 9, swichi na balbu mbili za omu 10 kwa mfuatano, moja baada ya nyingine kwenye njia moja. Kabla ya kufunga swichi, kila mmoja aandike kwa kalamu: balbu ipi itawaka zaidi? Wengi hutaja iliyo karibu na betri, wakiamini inakula umeme kwanza na kuiachia nyingine makombo. Zinawaka sawa. Waweke ammita, kipimio cha mkondo wa umeme, kabla ya balbu ya kwanza, katikati na baada ya ya pili: kote ni ampia 0.45, yaani 9 gawanya kwa 20. Usikimbilie kueleza, aliyekosea apate nafasi ya kubishana na karatasi yake. Kisha balbu ziwe sambamba, kila moja na njia yake hadi kwenye betri, wakisie tena: ampia 0.9 kila moja, 1.8 kwenye betri.

Elektroni za kwenye skrini hutoka ncha hasi, ilhali mshale wa mkondo wa kitabuni hutoka chanya. Lisemee hilo mapema, la sivyo watadhani programu imekosea.

Kipindi kinachofuata, rudieni na betri mbili za tochi na balbu halisi. Namba hazitakaa sawasawa: ukinzani wa balbu hupanda ikipata joto, na betri iliyochoka hushusha volti. Wanafunzi wenyewe watafute tofauti imetoka wapi.